Bunduki ya Marehemu Moonsamy

Durban, 3 Februari 2025

Mjomba wangu Anicet,

Jambo sana kutoka huku kusini, ambako joto limetushika hata malori yanaona uvivu kuwaka asubuhi. Sisi wazima. Immaculée anakusalimu, saluni yake ya mjini inakwenda, ingawa kila mteja anataka kusukwa kama mwanamke fulani aliyemwona kwenye simu. Binti yetu Glody ameingia sekondari na siku hizi anatusahihisha Kiingereza mezani, mimi na mama yake, bila huruma. Mama Bernadette hajambo? Na ule mguu uliosema unakuuma kidogo wakati wa Noeli, umepoa?

Najua hutaki mambo ya ukoo yasemwe kwenye simu, eti maneno ya simu hayana mwenyewe. Ndiyo maana naandika, na barua hii anakuletea Méthode, yule dereva anayepakia mizigo hapa Clairwood na kuishusha Lubumbashi. Ikichelewa, laumu foleni ya mpakani Kasumbalesa, usinilaumu mimi.

Jambo lenyewe ni hili. Mzee Moonsamy amefariki. Unamkumbuka kwa habari zangu: yule Mhindi mwenye gereji, aliyenipa kazi ya breki nilipofika Durban na begi moja na Kiingereza cha kuombea maji. Aliniita "kijana wangu" mpaka nikaota mvi. Nimemlilia kama mzazi.

Wiki iliyopita wakili alitusomea wosia. Wanawe wawili, ambao wako Australia na walikuja mazishini na miwani ya jua, wameachiwa gereji. Mjane, Auntie Saras, ana nyumba yao ya Isipingo. Kisha wakili akasafisha koo na kusoma jina langu. Mimi, Mjomba, nimeachiwa bunduki.

Tulia, usisimame. Si ya vita. Ni bunduki ndogo ya zamani, kongwe kuliko mimi, ya kulengea makopo na shabaha za karatasi. Risasi zake ni nyembamba kama penseli ya Glody. Unazipanga ndani ya kitako cha mbao, na ukifyatua moja, yenyewe inatema ganda na kujipakia nyingine, bila wewe kugusa kitu. Mbao yake ni ya mkwaju wa kizungu, sijui jina lake, inang'aa kama imelambwa. Na kwenye chuma pameandikwa kwamba imetengenezwa Ubelgiji.

Kwa sasa imefungwa kwenye sefu ya Auntie Saras mpaka polisi wanipe leseni. Mzee alikuwa na wana wawili, akaniachia mimi. Nataka kuichukua, tena kwa heshima. Wewe ni mtoto wa mwindaji, nipe baraka na ushauri.

Mpwa wako,
Alain


Lubumbashi, Katuba, 12 Machi 2025

Mpwa wangu Alain,

Barua yako imefika na duara la kikombe cha chai juu ya jina langu, kwa hiyo najua Méthode aliitandika mezani akanywea juu yake. Tunamshukuru Mungu. Mama Bernadette yupo, anauza maharage na kugombana na kwaya. Mvua imeangusha ukuta wa jirani yetu yule mwenye majivuno, nasi tumekwenda kumpa pole huku tukibana vicheko. Mguu ni mguu tu, tuuache.

Pole kwa msiba. Anayekupa kazi ukiwa mgeni amekuzaa mara ya pili, na mtu kama huyo haliliwi kwa siku moja.

Sasa bunduki. Kwanza, Mbelgiji! Umevuka mipaka mitatu kumkimbia, naye anakusubiri kando ya bahari. Sitamsema sana, maana kitanda ninacholalia ni chake na hakijawahi kupiga kelele, tofauti na hiki cha Kichina cha chumba cha wageni kinachotangaza kila kitu.

Pili, nakuuliza: ulipokubali bunduki hiyo, ulijua unakubali nini? Umekaa sana mjini, umesahau. Kwetu Sakania, bunduki ya marehemu haihami peke yake. Anayeishika amempyana mwenyewe. Amechukua jina lake, nafasi yake, na mjane wake. Baba yangu alipokufa, gobori lake halikuja kwangu mimi mwanawe. Lilikwenda kwa mtoto wa dada yake, Yeremia, kijana wa miaka ishirini, kwa sababu kwetu mpwa ndiye humrithi mjomba. Yeremia alifurahi sana siku ya kwanza. Siku ya pili mama yangu mzazi alimwita "mume wangu" mbele za watu na kumwonyesha mahali pa kuchimba choo. Alichimba. Akaezeka nyumba, akapasua kuni, akalaumiwa kwa kila kitu alichokuwa akilaumiwa baba yangu, mpaka mama alipofariki. Gobori lenyewe aliliuza kwa hasira.

Ukipenda boga, penda na ua lake. Kwa hiyo nieleze: huyo mjane ana umri gani? Ni mpole? Anapika? Immaculée anajua?

Tatu, utunzaji. Bunduki hupakwa mafuta, na mafuta mazuri ni mawese. Nakutumia chupa kwa mkono wa Méthode. Na mwanamke asiiguse, itakosa shabaha.

Kuna jambo jingine kuhusu mpwa na mjomba wake, lakini karatasi imekwisha.

Mjomba wako,
Anicet


Durban, 6 Aprili 2025

Mjomba,

Karatasi yako haikuwa imekwisha. Nusu ukurasa ulikuwa mweupe, na nyuma yote. Lakini nakuheshimu, sitauliza.

Tuko wazima, isipokuwa mimi. Méthode alikuta gereji imefungwa, nami nimeitwa barabarani kwa lori lililoharibika, akaipeleka barua yako saluni, na Immaculée akaifungua, maana anasema bahasha ya mjomba haina kufuli. Aliisoma akiwa na wateja wanne, wawili chini ya mashine za kukaushia nywele. Alinipigia simu hapohapo, na sauti yake ilisikika mpaka chini ya lori nililokuwa nalitengeneza.

"Weye Alain! Iko nini hii? Mjomba anakupatia bibi wa pili, na ule bibi iko na miaka sabini na mbili?"

Nikamwambia ni mila tu. Akasema, "Mila njo ulete ku nyumba yangu?" Nyuma yake nikamsikia mteja mmoja Mzulu akiuliza kuna nini, akaelezwa, akasema "Eish!" kisha wote wakacheka, na hicho kicheko kimenikaa shingoni mpaka leo. Ombi langu ni dogo: ukiandika tena kuhusu wajane, andika kwa fumbo.

Mawese nilimpelekea Auntie Saras nikimweleza kuwa ni ya bunduki. Aliinusa chupa, akaniangalia, akaipeleka jikoni. Jumamosi iliyofuata nilikuta amepikia samaki na bamia. Anauliza kama unayo zaidi.

Maana kila Jumamosi nakwenda Isipingo kuifuta bunduki, yeye akiwa amekaa mlangoni na chai yake. Amesema chuma kisipofutwa katika hewa hii ya chumvi kinashika kutu kabla ya Jumapili. Nimejifunza mengi. Mtutu unaachana na kitako kwa kuzungusha kidogo tu, kama mfuniko wa chupa. Risasi zake zina nta na masizi, basi uchafu hujaa pale ndani chuma kinapokwenda mbele na kurudi nyuma, na lazima uusugue kwa mswaki. Tena usiifyatue ikiwa tupu hata kwa mchezo, kwa sababu pini yake hugonga ukingo wa ganda, na ganda lisipokuwepo hugonga chuma kitupu na kukiumiza. Auntie ndiye aliyenionya hayo yote kutoka mlangoni. Mzee alimzoesha vizuri, na kabati lao bado limejaa vikombe vya ushindi wa shabaha.

Habari ya leseni: nimefanya mafunzo, nimefaulu. Nimenunua sefu, na wanaume watano tumeipandisha ghorofa ya tatu huku jengo zima likituchungulia. Sasa jirani zangu wanaamini nauza almasi na wananisalimia kwa adabu. Afisa wa polisi alikuja kumhoji Immaculée kama mumewe ni mtu wa fujo. Alijibu, "Hapana, ila anakoroma na hasikii la mtu." Afisa akaandika yote mawili.

Lakini faili limekwama. Nimekwenda kituoni mara kadhaa, na kila mara yule mama wa dirishani anatazama kompyuta yake na kuniambia, "Mwenye bunduki hii yuko hai." Nimempelekea cheti cha kifo. Akakisoma, akanipa pole, akatazama tena kompyuta: "Yuko hai." Nitarudi wiki ijayo na cheti kingine.

Mpwa wako asiye na bibi wa pili,
Alain


Lubumbashi, 25 Mei 2025

Mpwa wangu Alain,

Salamu kwa wote, na kwa Immaculée salamu mbili. Mama Bernadette ameacha kwaya, kisha amerudi kwaya. Mahindi yamekuwa mazuri. Ukiona mwandiko ni mzuri kuliko wangu, ni kwa sababu Peguy, mwalimu jirani yetu, ameniomba afanye mazoezi ya kuandika.

Barua hii imechelewa kwa sababu ya Méthode, na Méthode amechelewa kwa sababu yangu. Baada ya kusoma barua yako nilimpa kipakiti cha impemba, ule udongo mweupe wa baraka tunaompaka mwindaji kwenye paji la uso. Nilikisaga laini sana kwa mikono yangu, nikakifunga kwenye nailoni, nikakisokomeza chini ya kiti chake kisipotee. Sikumwambia, nisimtie wasiwasi. Mpakani mbwa wa polisi hakusema kitu, lakini polisi mwenyewe alisema mengi. Unga mweupe, nailoni, chini ya kiti! Lori zima likashushwa. Méthode anasema alilamba udongo ule wote mbele ya maofisa sita, kijiko baada ya kijiko, kuthibitisha kuwa ni udongo, na kwamba tangu siku hiyo hajaonja utamu wa chakula. Ananisalimia akitazama pembeni.

Kwa hiyo baraka zako amezila Méthode. Mimi naona ni ishara.

Na ishara nyingine umeiandika mwenyewe ukaipita. Mwenye bunduki yuko hai! Mwanamke wa serikali, mwenye kompyuta, anakwambia hivyo mara ngapi, nawe unamkimbizia vyeti. Marehemu hajaiachia bunduki yake, mwanangu. Bado ameishikilia. Siku utakayoibeba, atakubeba na wewe. Utaitwa Alain kwa mdomo, lakini ndani utakuwa Moonsamy. Na Moonsamy si mtu wetu, Mungu amlaze pema. Ana watu wake wa kumwita jina.

Nasema waziwazi: iache. Mwambie wakili hukujua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Huyo mjane lakini tusimwache bila heshima, maana kosa si lake. Nimempa Méthode kitenge kizuri cha kijani chenye samaki, pamoja na kikaratasi cha Kiingereza alichoniandikia Peguy: "Kwa mke wa nyumba yetu." Mawese lita mbili pia.

Mjomba wako,
Anicet


Durban, 20 Juni 2025

Mjomba,

Glody anaumwa mafua, sisi wengine wazima. Baridi imeingia na Immaculée anauza kofia za sufu saluni.

Nimekasirika, kwa hiyo nitasema haraka, kisha nitakuuliza jambo. Kikaratasi chako Auntie Saras alikisoma kwa sauti, mbele ya mke wangu aliyekuja Isipingo makusudi kuona ni mwanamke wa namna gani anayepewa vitenge na ukoo wetu. Auntie alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akajifunga kitenge hapohapo, na Ijumaa akaenda nacho hekaluni, akawaambia wenzake kwamba ana wakwe Kongo. Sasa yeye na Immaculée wanapigiana simu. Wananisema. Nimewasikia.

Kuhusu bunduki: sitaiacha.

Nisikilize, Mjomba. Nina miaka arobaini na sita. Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kufa akaniachia kitu. Baba aliacha viatu, vikachukuliwa. Nilipofika huku nilikuwa mtu wa kuhesabiwa kwenye foleni. Mzee yule alikuwa na watoto, alikuwa na ndugu, na alipokaa na wakili wake kufikiria nani atatunza kitu alichokipenda, alinitaja mimi. Mbele ya watu wenye suti lilisomwa jina langu lote, na wakili hakulikosea. Nilitoka pale nikitembea kama mtu mwenye kwao. Na wewe unaniambia nimwambie sikujua!

Kama marehemu bado ameishikilia, basi tutaishika wawili. Jumamosi ijayo tunakwenda uwanja wa shabaha. Auntie atakuja, anasema bila yeye bunduki haitoki kwenye sefu, sheria ndiyo hiyo. Immaculée pia anakuja, anasema bila yeye mimi sitoki kwenye nyumba.

Sasa swali langu. Mwalimu Peguy hahitaji mazoezi ya kuandika. Kwa nini hukuandika kwa mkono wako?

Alain


Lubumbashi, 13 Julai 2025

Mpwa wangu,

Naandika mwenyewe, usome polepole. Salamu zipo, habari zipo, tuziweke kando leo.

Mguu haukupoa. Ni sukari. Wamekata vidole viwili mwezi wa tano, na mkono nao umeanza kutetemeka nikishika kalamu. Mama Bernadette alitaka kukupigia simu, nikamnyang'anya. Usicheke, najua ni mimi niliyekuandikia methali ya guu.

Nikuambie lile la karatasi iliyokwisha. Kwetu mjomba hurithiwa na mpwa. Mimi dada yangu alinizalia mmoja tu, na mmoja huyo alikwenda Durban kutengeneza breki. Sina gobori, Yeremia aliliuza. Sina shamba la maana. Nina jina langu, viti viwili vya mwaloni, na Mama Bernadette ambaye hata akibaki peke yake atahitaji mtu wa kumlaumu. Nilikuwa nimekuweka wewe kwa hayo. Sikuwahi kukuambia kwa sababu anayesema maneno hayo ni kama anajipimia jeneza.

Kisha nikasikia mtu mwingine amekuwahi. Amekufa kabla yangu, akatuma wakili! Mtu mmoja hawezi kupyana wawili, mpwa wangu. Huwezi kuwa Moonsamy huku na Anicet huku. Nilijaribu kukutisha na wajane, na marehemu, na mwanamke wa kompyuta. Nilikuwa na wivu. Mzee wa miaka sabini na tisa ananuna kwa sababu ya bunduki ya kuulia makopo.

Uliyoandika kuhusu wakili kutolikosea jina lako, nilimsomea Mama Bernadette, naye akasema wewe Anicet ungeshaliandika jina hilo mahali zamani. Ana haki. Chukua bunduki yako. Aliyesema kwanza ndiye aliyekupata.

Anicet


Durban, 10 Agosti 2025

Mjomba wangu Anicet,

Kwanza nimempigia simu Mama Bernadette, na hutaizuia hiyo tena. Nimejua dawa zako, siku zako za hospitali, na kwamba unaficha sukari kwenye bati la biskuti. Bati hilo limechukuliwa wakati unasoma sentensi hii. Geuka uone.

Nilipoipata barua yako nilikaa kwenye tairi la akiba nikalia, na fundi mwenzangu akadhani nimedondokewa na jeki. Ulipaswa kuniambia. Lakini nisikilize kwanza nikueleze ya uwanja wa shabaha, maana yametokea mengi.

Siku chache kabla, nilipoifuta bunduki, niliona kile chuma cha ndani, kinachokwenda mbele na kurudi nyuma, ni kikavu. Mimi ni mtu wa malori. Kwetu gereji, kitu kikikwaruza unakipa grisi, na kisipokwaruza unakipa grisi kisije kikakwaruza. Auntie alikuwa amekwenda kuchungulia sufuria, nami nikaichukua grisi nyekundu, ile ya beringi za magurudumu, nikaishindilia humo kwa kidole mpaka ikafurika pembeni. Nikaipangusa vizuri. Nikajisifu.

Uwanjani palikuwa na watu wengi, wanaume wa kila rangi wenye vizuia-sauti masikioni na matumbo mbele. Nililala chini, nikalenga kopo, nikafyatua. Kopo halikutikisika. Bunduki nayo ilirudi nyuma polepole kama mzee anayeinuka kwenye kiti, ikafika katikati, ikakaa. Nikaivuta. Nikafyatua. Haikulia chochote, ila ilinipaka grisi nyekundu usoni. Nikaitikisa. Mtu wa pembeni yangu akaniuliza kwa upole kama natengeneza lori au napiga shabaha.

Ndipo Auntie Saras aliponiambia, "Inuka, Alain." Aliweka chai yake chini, akapiga magoti kwenye mkeka na magoti yake ya miaka sabini na mbili, akaitoa risasi iliyokwama, akauzungusha mtutu ukatoka. Akaisafisha yote kwa ncha ya kile kitenge chako chenye samaki, huku akinitajia, kwa sauti ya kusikika, kila mahali nilipokosea. Akaifunga. Akalala kifudifudi. Mjomba, makopo kumi yalikuwa yamesimama kwenye ubao, na mwanamke yule aliyaondoa yote bila kupumzika, moja baada ya jingine, maganda yakimrukia begani. Wale wanaume wenye matumbo walianza kupiga makofi. Wazee wawili walimwita kwa jina.

Immaculée alisema peke yake, kwa Kiswahili, "Na mwanamke asiiguse, eti."

Nikamuuliza Auntie, ni Mzee aliyekufundisha? Akajipangusa grisi vidoleni.

"Mimi ndiye niliyemfundisha yeye," akasema. "Hakujua kulenga hata ukuta. Hii ni ya baba yangu. Hakuwa na mtoto wa kiume, akanipa mimi kabla sijaolewa. Leseni ni yangu, tangu mwanzo."

Basi, ikanijia yote kwa pamoja. Yule mama wa dirishani hakukosea wala hakuona mizimu. Mwenye bunduki yuko hai kweli, anapika samaki kwa mawese! Nami nimemtupia mama huyo wa dirishani vyeti vya kifo cha Mzee mpaka akaanza kunionea huruma. Na vile vikombe vya ushindi vilivyojaa kabatini Isipingo, ambavyo Mzee alikuwa akivifuta na kutuonyesha kwa fahari, hakuna hata kimoja alichoshinda.

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza siku ya wosia. Akasema Mzee miaka yote alipenda kusema "bunduki yangu," naye hakuwahi kumsahihisha, kwa hiyo hakuona sababu ya kumsahihisha akiwa kaburini mbele ya wakili. Kisha akasema, "Yeye hakupiga hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuitunza. Kila Jumamosi, mimi na chai yangu mlangoni, yeye na kitambaa chake. Hakuweza kukuachia kitu changu, Alain. Alikuachia chake." Halafu akaiokota chai yake. Akaniambia kwamba siku ya wosia alitaka kucheka, ila aliuona uso wangu, akafikiri: ngoja kwanza, huyu atakuja Jumamosi, nyumba itakuwa na mtu. Immaculée alimshika mkono. Mimi nilitazama makopo.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Bunduki sikuipata, mjane nimempata. Mabomba ya mvua ya nyumba yake nimeshayasafisha, na Jumatano nampeleka kliniki ya macho, ingawa kwa nilivyoona macho yake hayana shida. Mke wangu alipewa zamu siku ileile akaangusha makopo manane, na sasa Auntie anasema siku yake ikifika bunduki ataiandika kwa jina la Immaculée. Nimejaribu kupiga hesabu kwa mila ya Sakania, kwamba hapo Immaculée atakuwa mume wa nani, nikaumwa kichwa. Nisaidie wewe. Sefu yetu ya ghorofa ya tatu Immaculée ameijaza nywele za bandia za saluni, na jirani bado wanaamini ni almasi.

Lakini hili ndilo nililotaka ulisome mara mbili. Kwa sheria yako mwenyewe, anayeshika bunduki ya marehemu ndiye anayempyana. Marehemu Moonsamy hakuwa na bunduki. Alikuwa na kitambaa. Kumfutia mtu bunduki Jumamosi ni kazi, na kazi haibadilishi jina la mtu. Hakuna aliyekuwahi, Mjomba. Mimi ni mpwa wako, na nafasi ni yako, na viti vya mwaloni navitaka, na lawama za Mama Bernadette nitazipokea zote.

Disemba nakuja na familia nzima, tutapanda na Méthode, ambaye ameapa kupekua chini ya kila kiti. Utaniambia mbele ya watu yale uliyoniandikia, nami nitaitika.

Ila nafasi hiyo, Mjomba, mimi sina haraka nayo hata kidogo. Na wewe kula dawa zako, usije ukanipa kabla sijaiomba.

Mpwa wako mmoja tu,
Alain